Usitupe redio ya upepo iliyokufa, mwanao anaweza kujifunzia kazi

Si ajabu katika nyumba za Karatu, ambako baba au mjomba ameendesha magari ya watalii kwa miaka, kukuta stoo kisanduku cheusi cha chuma chenye kipaza sauti cha waya wa kujikunja. Wengi hukiita redio koli, wengine redio ya upepo. Kikishaacha kuongea huwekwa pembeni hadi apite mnunuzi wa vyuma chakavu.

Nyumba hiyohiyo huenda ina kijana aliyemaliza kidato cha nne, anayesema anapenda umeme. Mzazi anajiuliza: nimlipie ada ya chuo cha ufundi, au ataacha katikati? Kisanduku kile kinaweza kusaidia kupata jibu kwa gharama ndogo.

Kazi yenyewe bado ina maana. Kreta ya Ngorongoro ina kina cha takriban mita 600 na eneo la kilomita za mraba 260 hivi. Simu ya mkononi huhitaji mnara, lakini redio mbili za upepo huongea zenyewe kwa zenyewe. Chini kreta ni kama bakuli: magari husikilizana vizuri kwa kuwa mara nyingi hakuna kilima kikubwa katikati yao. Kuta za bakuli hilo ndizo huzuia sauti kutoka nje, na dawa yake ni kuweka kituo cha kupokezana juu ukingoni. Gari likinasa kwenye matope ya masika, dereva huita wenzake kwa redio. Kwa redio hiyohiyo hupeana habari za simba na faru, mara nyingi kwa mafumbo ili mgeni asijue mapema.

Jambo la kwanza kwa kijana ni kujua ameshika redio ya aina gani. Redio za CB za megahezi 27 zilianza Marekani mwaka 1958, na mwaka 1977 zikaongezewa chaneli hadi 40. Hutumia nguvu ya wati 4 kwa sauti ya kawaida. Nyingine ni za VHF, ambazo masafa yake ni ya juu zaidi. Hapa hesabu za shuleni zinafaa: 300 gawanya kwa 27 unapata mita 11, ndio urefu wa wimbi la CB. Robo yake ni karibu mita 2.75, ndiyo maana antena ya CB huwa ndefu, au fupi iliyozungushiwa waya. Ya VHF ya megahezi 150 hutosha kwa nusu mita.

Baada ya hapo ni kutafuta ugonjwa, na fundi mzuri huanza na vitu rahisi. Je, fyuzi imekatika? Je, volti 12 za betri zinafika? Waya wa kipaza sauti hukatika ndani kwa ndani kwa kuvutwa kila siku. Plagi ya antena hushika kutu. Vumbi jekundu hujaa kwenye swichi ya chaneli, na mitikisiko ya barabara hulegeza lehemu. Redio iliyokaa miaka mingi huwa na kapasita zilizokauka au kuvimba, na redio iliyowahi kufungwa waya chanya na hasi kinyume huwa imeunguza dayodi ya ulinzi. Kijana akiandika kwenye daftari kila alichopima kabla ya kubadilisha kifaa, ameshaanza kuwa fundi. Akibadilisha ovyo akibahatisha, mzazi ameona pia.

Usalama ni jukumu la mzazi. Pasi ya lehemu hufika nyuzi joto zaidi ya 300, kwa hiyo watoto wadogo wakae mbali. Lehemu nyingi zina madini ya risasi: kazi ifanyike penye hewa, si kwenye meza ya chakula, na mikono inawe kwa sabuni. Redio ya gari isichomekwe moja kwa moja kwenye umeme wa nyumbani. Na kitufe cha kuongea kisibonyezwe bila antena, kwani transista ya kurushia mawimbi huweza kuungua papo hapo. Mafundi hujaribia kwa rezista ya omu 50 inayohimili nguvu hiyo, iliyowekwa mahali pa antena.

Kuna na sheria. Kurusha mawimbi kunasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kijana atengeneze na kujifunza, lakini asiingie hewani bila kibali. Masafa anayochezea yanaweza kuwa ya watu walio kwenye dharura.

Huenda redio isipone, hilo si tatizo kubwa. Baada ya mwezi mmoja mzazi atakuwa ameona kama mwanawe anarudi mezani bila kusukumwa, hata baada ya kushindwa mara tatu. Akirudi, ampeleke kwa fundi mzoefu mjini amkalie jirani, kisha waulizie VETA masomo ya elektroniki. Asiporudi, ada imeokolewa, na mazungumzo ya kazi nyingine yaanze bila lawama.