Injini ya Tabo: Nguvu Zake na Maradhi Yake

Juma lililopita tulisoma namba zenye nukta, na wengi wenu mlinung'unika kwamba namba hizo hazina kazi. Leo tutazipa kazi. Fungueni madaftari, mwandike herufi mbili na tarakimu mbili: EJ20.

Hilo ni jina la injini. Ndiyo injini ya lita mbili ya Subaru Forester za zamani, motokaa zilizojaa mjini mwetu kutoka Japani, na hapa nitasema hasa juu ya ile yenye tabo. Nina sababu ya kuichagua. Mwenzetu mmoja wa darasa la Magogoni, dereva, aliuawa injini ya gari lake na joto akiwa katika foleni ya pantoni. Akakusanya akiba yake yote, akakopa na kwa shemeji yake, akaenda Kariakoo kununua injini iliyotumika. Alikuwa amejifunza kusoma miezi sita tu. Aliinama juu ya chuma, akafuta vumbi kwa kidole, akasoma mwenyewe: EJ20. Akalipa. Injini ilipofikishwa kwa fundi Gerezani, fundi aliitazama mara moja akasema, “Hii siyo yako, bwana.” Mwuza duka alikataa kuirudisha. Nitawaeleza baadaye alikosea wapi, maana alisoma sawasawa.

Kwanza tujue tabo ni nini. Injini ya petroli huvuta hewa, huichanganya na petroli, huibana, kisha plagi hutoa cheche na mchanganyiko huwaka na kusukuma pistoni. Ukitaka nguvu zaidi, yakupasa uchome petroli zaidi. Na petroli haiwaki bila hewa. Tabo ni pampu ya kuongeza hewa. Ina magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa katika ufito mmoja. Moshi unaotoka katika injini hulizungusha gurudumu la kwanza, nalo la pili, kwa kuwa wako pamoja, huzunguka na kuishindilia hewa safi ndani ya silinda. Kwa hiyo moshi ambao ungepotea bure hupewa kazi. Aliyeibuni njia hiyo ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyepata hataza mwaka 1905.

Sasa hesabu. Kila silinda ya EJ20 ina upana wa milimita 92, na pistoni husafiri milimita 75. Nusu ya upana ni sentimita 4.6. Zidisha 4.6 kwa 4.6, upate 21.16. Zidisha kwa 3.1416, upate karibu 66.48. Zidisha kwa mwendo wa pistoni, sentimita 7.5: ni 498.6. Silinda ni nne. Jibu ni 1,994, na namba hiyo au iliyo karibu nayo ndiyo utakayoiona katika kadi ya gari mahali palipoandikwa ukubwa wa injini. Mtu asikwambie tena kwamba namba za kadi zimeandikwa ovyo.

Katika injini hii pistoni hazikusimama. Zimelala, mbili upande huu na mbili upande ule, zikirusha ngumi kama mabondia. Forester iliyotoka mwaka 2002 huko Japani bila tabo ilikuwa na nguvu za farasi 137. Yenye tabo, kwa ukubwa ule ule wa 1,994, ilikuwa na farasi 220. Farasi 83 zaidi, hasa kwa sababu ya hewa ya kushindiliwa. Lakini farasi hao hula, na huugua.

Ugonjwa wa kwanza ni petroli dhaifu. Petroli hupewa namba iitwayo oktani, inayoonyesha uvumilivu wake isiwake yenyewe inapobanwa. Katika tabo hewa imekwisha kubanwa kabla ya kuingia, na ina joto. Petroli ya namba ndogo huwaka kabla ya wakati wake, nawe utasikia mlio kama changarawe ndani ya kopo. Kila mlio mmoja ni nyundo moja juu ya pistoni. Injini ina chombo cha kusikiliza mlio huo na kuchelewesha cheche, lakini hapo nguvu hupungua. Na nyundo zikizidi, pistoni huvunjika mahali penye ringi. Kule Japani petroli ya kawaida ina oktani isiyopungua 89, na ya daraja la juu isiyopungua 96. Forester ya tabo ilitengenezewa hiyo ya pili, na maandishi yanayosema hivyo yamo nyuma ya kifuniko cha tangi, kwa Kijapani, ambacho si mimi wala ninyi tunaojua kukisoma. Basi kituo kikiwa na petroli za aina mbili, wewe nunua yenye namba kubwa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1962 Wamarekani waliuza motokaa za kwanza za tabo, na moja, Oldsmobile Jetfire, ilibidi iwekewe maji yaliyochanganywa na spiriti katika chupa yake ya pembeni ili isigonge. Wenye magari walisahau kuijaza. Nasi hapa tulikuwa na balaa letu la kuchanganya petroli na mafuta ya taa, ambayo oktani yake ni ndogo sana. Serikali ilianza kuweka alama maalumu katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili wachanganyaji wakose faida. Mama wa vibatari waliumia kwa sababu ya watu wale.

Ugonjwa wa pili ndio unaoua tabo nyingi, nao ni oili. Ufito wa tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Hautegemei chochote ila utando mwembamba wa oili. Katika EJ20 nyingi za miaka hiyo, oili ya kwenda kwenye tabo hupita katika skrubu yenye tundu katikati, na ndani ya tundu mna kichujio cha wavu, kidogo kuliko ncha ya kidole cha mwisho. Oili iliyokaa muda mrefu hugeuka masizi na lami. Wavu huziba. Tabo hukauka, hupiga mluzi, kisha moshi wa bluu hutoka nyuma, na mara nyingine vipande vya chuma hurudi katika oili na kula beringi za injini yote. Mtu huuza kiwanja kwa sababu ya kichujio ambacho hakuambiwa kwamba kipo. Mwambie fundi wako akifungue, akitazame.

Mimi nabadilisha oili kila kilomita 5,000, na sioni haya kuitwa mwoga. Usinunue oili ya kupimiwa katika chupa ya maji. Nunua kopo lililofungwa, na usome: 5W-30, kwa mfano. Namba ya kwanza, yenye W, yaonyesha wepesi wa oili injini ingali baridi. Namba ya mwisho ni uzito wake ikiisha kupata moto. Na ukitoka safari ndefu ya mwendo wa kasi, iache injini ingurume dakika moja kabla ya kuizima, oili ipate kuipoza tabo. Ukirudi kutoka Morogoro, pengine foleni ya mjini itakuwa imekufanyia kazi hiyo.

Mkanda wa taimingi nitausema upesi. Hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, pistoni hupiga valvu na kuzipinda. Kwa kuwa kilomita zinazosomeka kwenye gari lililotumika mara nyingi zimerudishwa nyuma, ukinunua gari usilolijua, badilisha mkanda kwanza.

Sasa joto, lililomwua yule mwenzetu. Tabo ya Subaru hupozwa kwa maji pia, na kuna kitangi kidogo juu ambacho maji yake huendelea kuipoza hata injini ikizimwa. Maji yakipungua, tabo huweza kuungua. Foleni ya pantoni ni mtihani mkubwa: hakuna upepo, feni ndiyo mkombozi peke yake. Feni isipozunguka, zima injini, ushuke, ungoje. Usifungue mfuniko wa rejeta wakati wa moto. Sikubaliani na mafundi wanaotoa themostati wakisema Dar es Salaam ni mji wa joto. Bila themostati injini hukawia kupata moto wake, hula petroli nyingi, na petroli isiyowaka huteremka na kuharibu oili, ile ile oili tuliyoisema.

Turudi Kariakoo. Injini ya lita mbili isiyo na tabo na ile yenye tabo, zote mbili zimechongwa EJ20 juu ya kiunzi, karibu na zinapoungana na gia boksi. Herufi hazitengani. Ndiyo sababu mwenzetu alisoma sawasawa na bado akapata hasara. Tofauti imo katika vichwa vya silinda: Forester yenye tabo ina kemshafti mbili kila upande, na yule aliyeuziwa ilikuwa na moja moja. Kabla hujatoa fedha, nenda na fundi wako mwenyewe, si fundi wa duka. Andikisha katika risiti maneno “injini ya tabo”, pamoja na namba kamili iliyochongwa, na sharti la kuirudisha. Kisha linganisha tarakimu moja moja, kwa kidole, kwa sauti. Mwenzetu alipewa karatasi iliyoandikwa “injini 1” tu, na alipokwenda kushitaki hakuwa na la kuonyesha. Hadi leo injini ile iko uani kwake, imefunikwa turubai, naye anaendesha gari la mtu mwingine.

Kazi ya nyumbani. Toyota walifunga injini iitwayo 1JZ-GTE katika Chaser na Mark II. Silinda ni sita. Upana wa kila moja ni milimita 86, na mwendo wa pistoni ni milimita 71.5. Tafuta ukubwa wake. Halafu ilinganishe na jina la ndugu yake asiye na tabo, 1JZ-GE, uandike ni herufi ipi inayokwambia habari ambayo EJ20 haikumwambia mwenzetu. Leteni majibu Jumanne.