Kwenye Mashine Gani, na Mpaka Lini?

Kompyuta ya kaunta ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio za zamani. Mama mwenye duka la dawa, Kariakoo, alikuwa ameniita nimsakinishie programu ya mauzo aliyoinunua wiki hiyo. Nikaiwasha, nikasubiri, na ujumbe ukatokea: inahitajika Windows 10 au zaidi. Yake ilikuwa Windows 7. Akavua miwani, akaniangalia. "Mwanangu, mimi nimeuziwa programu au nimeuziwa kompyuta?"

Swali lake lilikuwa la haki, ingawa mtengenezaji naye hakukosa sababu. Windows 7 ilitoka mwaka 2009, na Microsoft ilisitisha masasisho yake ya bure ya usalama Januari 14, 2020. Kuendelea kuihudumia ni kujenga juu ya mfumo ambao mwenyewe ameshauacha. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyemuuliza mama huyu ana mashine gani kabla ya kupokea hela yake.

Programu haifanyi kazi peke yake. Ikitaka kuhifadhi faili, kuchora kitufe kwenye skrini au kutuma ujumbe mtandaoni, huuomba mfumo endeshi: Windows, Android, iOS, Linux. Kila toleo la mfumo lina namna yake ya kuombwa, na namna yake ya kukataa. Ndiyo maana kila jina unaloandika kwenye orodha ya "inafanya kazi kwenye…" ni ahadi, na ahadi ni deni.

Wengi hudhani deni hilo hulipwa wakati wa kuandika programu. Sehemu kubwa hulipwa kwenye majaribio. Chukua programu ya duka yenye mambo 40 ya kupima: kuuza, kurudisha bidhaa, kuchapa risiti, kufanya kazi mtandao ukikatika, na kadhalika. Ukiahidi matoleo matano ya Android, una majaribio 200. Ongeza matoleo mawili ya Windows, yanakuwa 280. Na yote hurudiwa kila unapotoa toleo jipya, hata kama ulichobadilisha ni rangi ya kitufe.

Droo yangu ya kazi ina simu saba. Hakimu wao ni moja ya Android 8, RAM ya GB 1, kioo kimepasuka pembeni. Juzi nilijaribu humo fomu iliyokuwa inakwenda vizuri kwenye simu mpya. Kibodi ilipopanda, ilikifunika kitufe cha "Hifadhi" chote, na ukurasa ukagoma kusogea. Muuza duka angeandika mauzo ya siku nzima asione pa kuyahifadhi. Kwa simu hiyo, kusema "tunahudumia Android 8" kungekuwa uongo, japo programu ilisakinishika na kufunguka.

Basi unaamuaje? Anza na watu wako. Takwimu za dunia hazikusaidii kama wateja wako ni maduka ya dawa ya Dar es Salaam na Morogoro. Angalia kumbukumbu za seva yako, lakini usiziamini peke yake, kwa sababu zinaonyesha waliofanikiwa kuingia tu. Aliyekataliwa mlangoni hana alama humo. Ukiona hakuna mtu wa Windows 7, huenda ni kwa sababu ulishawafungia nje. Hao utawapata kwa kwenda kaunta na kuuliza.

Kisha tazama kalenda ya mwenye mfumo. Hapa kuna kisa ambacho kila mtengenezaji programu angefaa kukijua. Let's Encrypt ni shirika linalotoa bure vyeti vya usalama vya tovuti, vile vinavyoleta alama ya kufuli kwenye baadhi ya vivinjari. Simu hukikubali cheti pale tu inapokitambua cheti mama kilichokitia sahihi, na orodha ya vyeti mama huja ndani ya mfumo endeshi. Cheti mama cha Let's Encrypt kiliingia kwenye Android kuanzia toleo la 7.1.1, la Desemba 2016. Simu za kabla ya hapo ziliamini tovuti hizo kwa sababu tu shirika jingine, IdenTrust, lilikuwa limewadhamini kwa cheti chake cha zamani, ambacho muda wake ungeisha Septemba 2021.

Novemba 2020 Let's Encrypt ilitoa tahadhari: karibu theluthi moja ya simu za Android duniani zilikuwa za matoleo ya zamani, na zingeanza kuzikataa tovuti nyingi. Watengenezaji wa simu walikuwa wameacha kuzipelekea masasisho, kwa hiyo cheti kipya kisingezifikia. Kuzikata kulikuwa kuwakata watu walio na uwezo mdogo zaidi wa kununua simu nyingine.

Wokovu ulitoka kwenye tabia ya Android yenyewe, kwamba haijali tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye cheti mama. IdenTrust ikakubali kuwadhamini tena kwa miaka mitatu. Ilipofika 2023, simu zilizokitambua cheti kipya zilikuwa zimepanda kutoka asilimia 66 hadi 93.9, kwa kuwa watu walikuwa wamebadilisha simu polepole, kila mmoja kwa wakati wake. Udhamini ukaachwa uishe Septemba 2024. Uamuzi uliokuwa mchungu mwaka 2020 ulikuja kuwa mwepesi, na kilichouwepesisha ni muda walioununua, wenye tarehe ya mwisho iliyojulikana na wote.

Wakati mwingine jibu bora ni kushuka ngazi moja. M-Pesa ilipoanza Kenya, Machi 2007, menyu yake ilikaa ndani ya laini. Mwenye simu ya mulika mwizi alituma pesa sawasawa na mwenye simu ya bei mbaya. Siku hizi wengi hukimbilia kivinjari kwa hoja hiyohiyo, ila kivinjari nacho kina kalenda: kwenye Windows 7, Chrome iliishia toleo la 109, Januari 2023.

Na ukiamua kuacha, aga. Mwaka 2016 WhatsApp ilitangaza mapema kwamba itaziacha BlackBerry na simu za zamani za Nokia, kisha ikawasogezea watu tarehe. Mozilla iliwawekea wenye Windows 7 toleo la Firefox 115, la Julai 2023, ikaendelea kuziba matundu yake ya usalama bila kuliongezea mapya. Huko ndiko kuacha kwa heshima: tarehe inajulikana, na toleo la mwisho halizimwi ghafla.

Yule mama nilimshauri abadilishe kompyuta, maana hesabu za duka na intaneti hazifai kukaa kwenye mfumo usiolindwa. Lakini nilimwambia pia kwamba hata Windows 10, iliyotajwa kwenye ule ujumbe, muda wake wa kawaida wa masasisho uliwekewa kikomo: Oktoba 14, 2025. Akakata kipande cha karatasi ya risiti, akaniomba nimwandikie la kumuuliza muuzaji atakayefuata. Nikaandika: *Inafanya kazi kwenye mashine gani, na mpaka lini?* Akakibandika ukutani, kando ya kalenda.