Mwanafunzi Bora wa Lamu Ahitaji Mwalimu Baada ya Makofi

Abdallah Bakathir alizaliwa Lamu karibu na mwaka 1860. Alianza kusoma papo hapo kisiwani, kisha akahamia Unguja, akashikwa mkono na Sayyid Ahmad bin Sumayt, kadhi na mwanachuoni aliyesifika pwani nzima. Safari za elimu zilimfikisha Makka, Hadhramaut na hata Java. Alifungua madrasa yake mjini Unguja, na muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alisafiri hadi Cape Town kusuluhisha mzozo wa Waislamu wa huko.

Hivyo ndivyo wazee wetu walivyomtukuza mwanafunzi hodari. Wenzake wakishamaliza kitabu na kwenda zao, yeye hubakizwa, akafunguliwa kitabu kigumu zaidi, akatumwa kwa sheikh mwingine, mpaka apewe ijaza, yaani idhini ya sheikh, naye afundishe. Riyadha, chuo alichokiasisi Habib Swaleh mjini Lamu yapata mwaka 1900, kimelea wanafunzi kwa desturi hiyo hiyo.

Siku hizi, matokeo ya mtihani wa KCSE yakitangazwa, kijana wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, aliyepata A huvishwa maua na kupigwa picha na waheshimiwa. Akishaingia chuo kikuu, habari zake hukatika. Katika vyuo vingi vya Kenya, wastani wa asilimia 70 humpatia mtu shahada ya daraja la kwanza. Sifa hiyo hutangazwa siku ya mahafali, wakati kijana alihitaji kuvutwa karibu na wahadhiri tangu mwaka wa pili.

Fursa zipo. Mpango wa uongozi wa Benki ya Equity, ulioanza mwaka 1998, huwachukua vijana waliong'ara katika KCSE, ukawapa kazi ya kulipwa katika matawi ya benki kabla ya chuo, na kuendelea kuwanoa wakiwa masomoni. Ufadhili wa Rhodes huwapeleka Wakenya Oxford kila mwaka kwa shahada za juu. Wanaowateua wafadhiliwa wa Rhodes hutazama alama, lakini pia huuliza mwombaji amefanya nini nje ya darasa, na husoma kwa makini barua za mapendekezo. Mhadhiri anayefundisha mamia ya watu katika ukumbi mmoja ataandika nini juu ya kijana ambaye hajawahi kuzungumza naye? Naamini vijana wetu wengi hukwama hapo, na alama wanazo.

Dawa yake ni utafiti unaomweka kijana karibu na mhadhiri, na Lamu ina mambo mengi ya kutafitiwa kuliko sehemu nyingi za nchi. Riyadha ina hati za kale zilizoandikwa kwa mkono, ambazo zimepigwa picha za kidijitali kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza. Huko Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 na kukuta, chini ya msikiti wa mawe, mabaki ya misikiti ya miti iliyoanzia karne ya 8. Mwaka 2013, kisiwani Manda, timu iliyoongozwa na Mkenya Chapurukha Kusimba pamoja na Sloan Williams wa Chicago iliibua sarafu ya Kichina ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala kati ya 1402 na 1424. Na anayesomea sayansi ya bahari asisahau kwamba zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya imo katika kaunti hii.

Wageni wameliona hili zamani. Chuo Kikuu cha St. Lawrence cha Marekani kimekuwa kikileta wanafunzi wake wa shahada ya kwanza Kenya kwa muhula mzima tangu mwaka 1974, na serikali ya nchi hiyo imewahi kuwalipia vijana wake waje Arusha kujifunza Kiswahili wakati wa likizo. Siwaonei kijicho, wanafanya jambo la maana. Kinachoniuma ni kwamba mtoto wa mtaa wa Langoni mjini Lamu, aliyekulia hatua chache kutoka kwenye hati za Riyadha, anaweza kumaliza shahada ya historia bila kufunguliwa hata moja.

Chuo Kikuu cha Pwani na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa vingeweza kubadilisha haya kwa gharama ndogo. Wachukueni wanafunzi wa mwaka wa pili wenye asilimia 70 na zaidi, wa Lamu na wa kwingineko. Waleteni visiwani likizo moja ndefu, kila kundi na mhadhiri wake, wengine makumbusho, wengine Riyadha, wengine kwenye mikoko. Kazi yao ihesabiwe katika shahada. Serikali ya kaunti nayo itenge sehemu ya pesa za basari kwa nauli za mashua na malazi.

Kwa mzazi wa Pate au Kiwayu nina ombi dogo. Mtoto akishapata nafasi ya chuo, mtafutie pasipoti na barua ya chifu mapema, kwa maana nafasi nyingi za ufadhili hutangazwa na kufungwa kwa siku chache. Nawe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, wiki hii mwendee mhadhiri mmoja, umwambie unataka kumsaidia katika utafiti wake.