Uchongaji na Uunganishaji wa Mfano wa Awali wa Kitimwendo cha Wenzo kwa Mazingira ya Mwambao wa Bagamoyo

Kitimwendo cha kawaida, kinachosukumwa kwa kuzungusha pete ya gurudumu, kimekusudiwa sakafu ngumu. Bagamoyo, mji ulio takriban kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, sakafu hiyo aghalabu huishia mlangoni. Baada yake huanza mchanga. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki za mtumiaji, lakini haki ya kufika sokoni hubaki maandishi tu iwapo gurudumu linazama.

Suluhisho mojawapo ni kitimwendo cha wenzo. Amos Winter wa chuo cha MIT, Marekani, alianza kuchunguza vitimwendo nchini Tanzania mwaka 2005, na kifaa alichobuni na wenzake kilijaribiwa Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2009. Watumiaji walibainisha kuwa kilikuwa kizito na kipana mno ndani ya nyumba, hivyo toleo lililofuata likapunguzwa uzito na upana.

Utendaji wake ni rahisi. Wenzo ukisukumwa mbele, huzungusha gia kubwa. Mnyororo hupeleka mwendo huo kwenye friwili ya gurudumu la nyuma. Wenzo ukirudishwa, friwili huteleza bila kuzuia gurudumu, na ukivutwa zaidi, pini yake hugusa tairi na kuwa breki. Hakuna kifaa cha kubadilishia gia: kazi hiyo hufanywa na mkono. Kwa msukumo uleule, mkono ukipandishwa kutoka sentimita 30 hadi sentimita 60 juu ya egemeo, nguvu inayofika gurudumuni huwa maradufu, ilhali umbali unaopatikana kwa mwendo uleule wa mkono hupungua kwa nusu. Hivyo, mchangani mtumiaji hushika juu. Kwenye lami hushika chini.

Katika karakana, sehemu nyingi hazihitaji kuchongwa. Mnyororo, friwili, gia na beringi ni za baiskeli. Fremu na nyenzo hukatwa kutoka mabomba ya chuma na kuchomelewa. Sehemu inayodai mashine ya kukerezea ni egemeo, yaani pini na bushi yake. Bushi yenye urefu wa milimita 40 ikilegea kwa milimita 0.2 tu, ncha ya wenzo wa sentimita 60 huyumba takriban milimita 3 kila upande, na mnyororo huanza kuchomoka. Kwa sababu hiyo, bushi hukerezwa mwisho, baada ya kuchomelea, kwani joto hupinda chuma.

Uunganishaji huanza na egemeo, kisha gia na friwili hupangwa katika mstari mmoja kabla ya mnyororo kukazwa. Hatimaye chuma hupakwa rangi ya kuzuia kutu, na egemeo hujazwa grisi, kwa kuwa upepo wa bahari hubeba chumvi.

Kwa mintarafu hiyo, ubora wa mfano huu haupimwi kwa wingi wa sehemu zilizochongwa, bali kwa uchache wake. Mnyororo ukikatika, fundi baiskeli wa mtaani anaweza kuurekebisha. Bushi peke yake ndiyo itakayomrudisha mtumiaji kwenye mashine ya kukerezea. Ndiyo maana inastahili kuchongwa kwa uangalifu kuliko sehemu nyingine zote.