Fakitire ya franka 54.000: wanafunzi wanajifunza biashara kwa kuhesabu punje za kahawa

Kwenye ukuta wa biro yetu kumebandikwa fakitire ya franka 54.000. Haikutoka dukani wala garajini. Imeandikwa kwa biki ya bleu, kwenye karatasi ya kaye, na wanafunzi 24 wa darasa la tano la shule moja ya kilimo, upande wa Kalehe. Wanaodaiwa ni sisi, maagronomu watatu wa mradi. Tumelipa. Ndugu wanamemba wa koperative, tunapenda kuwaelezea jinsi deni hilo lilivyozaliwa, kwa sababu ndani yake kuna somo la ujasiriamali ambalo sisi wenyewe hatukulipanga.

Tulipofika kwenye shule ile mara ya kwanza, mwalimu wa somo hilo alitutolea makaye ya wanafunzi. Kila kaye ilikuwa na plani ya biashara. Karibu zote zilikuwa za kufuga kuku: kuku 100, mayai kila siku, hakuna kuku anayekufa, hakuna jirani anayekopa, na chini ya ukurasa kunaombwa msaada wa ONG kama mtaji. Hatumlaumu mwalimu. Anafundisha watoto wengi, ana ubao na chaki, na kitabu kimoja kilichopoteza jalada. Sisi pia tulifaulu somo hilo chuoni kwa plani za namna ileile. Ya mmoja wetu ilikuwa ya samaki, na mpaka leo hajafuga hata samaki mmoja.

Tukakubaliana na mwalimu tuache kuku wa kwenye karatasi, tuchukue kitu ambacho watoto wanakiona nyumbani kila mwaka kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa sita: kahawa ya Arabika. Wazazi wao karibu wote wanayo, ingawa wengine wana miti michache tu nyuma ya nyumba. Wanafunzi wanajua kuvuna, kubeba na kusaga. Kitu ambacho hawakukijua, na wazazi wengi hawakijui, ni nani anapanga beyi na anaipanga kwa kuangalia nini.

Watu wa ziwa Kivu wanakumbuka miaka ambayo kahawa ilipakiwa ndani ya mtumbwi usiku na kuvushwa Rwanda kwa siri. Wengi walizama. Waliofika ng'ambo walipokea beyi aliyoitaka mnunuzi, juu mtu aliyevuka usiku hawezi kurudi na gunia lake mchana. Mzee mmoja aliyefanya safari hizo alituambia: «Kule kilo ilikuwa kilo. Hakuna mutu aliuliza kama ulichagula.» Siku hizi koperative na stasyo za kuoshea zipo, na kahawa inayotoka nchini kwa njia ya halali inapita kwenye mikono ya ONAPAC na OCC. Lakini pale kijijini bado mnunuzi anachota punje kiganjani, anakunja uso, anasema «hii ina kasoro», na beyi inashuka. Mkulima hana la kujibu.

Kwa hiyo tulileta darasani kipimo kilekile wanachotumia wanunuzi wa kahawa ya daraja la juu. Unachukua gramu 350 za kahawa iliyokobolewa, unazimwaga mezani, unahesabu. Kasoro ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni zile nzito: punje nyeusi yote, punje iliyochacha yote, tunda lililokauka pamoja na ganda lake, punje yenye ukungu, kijiwe au kijiti, punje iliyoliwa sana na wadudu. Aina ya pili ni ndogo zaidi, na hapo unakusanya kadhaa mpaka zifanye kasoro moja: punje 5 zilizovunjika ni kasoro moja, punje 5 zisizokomaa ni kasoro moja, punje 10 zenye tundu dogo la mdudu ni kasoro moja. Ili kahawa iingie daraja hilo, aina ya kwanza iwe sifuri kabisa, na aina ya pili isipite kasoro 5. Unyevu uwe kati ya asilimia 10 na 12. Nyuma ya hapo ndipo waonjaji wanaionja, na kule inatakiwa ipate alama 80 juu ya 100 au zaidi.

Vyombo havikuwa vya ajabu. Mizani tuliazima koperative. Wanafunzi walileta mabeseni mawili, kinu cha kukobolea, na magunia. Wavulana walitengeneza kitanda cha kukaushia kwa mianzi na wavu. Kitu kilichosaidia kupita vyote kilitengenezwa na wasichana watatu: walichukua karatoni ya sabuni, wakabandika juu yake punje halisi za kila kasoro kwa gundi ya unga wa muhogo, na chini ya kila punje wakaandika jina lake na hesabu yake. Mradi ulikuwa umetupa karatasi yenye picha za rangi, lakini hakuna aliyeiangalia tena. Punje ya picha huwezi kuigeuza wala kuinusa. Karatoni ile ilitundikwa pembeni ya ubao na iko pale mpaka sasa, ingawa panya wamekula kasoro mbili.

Kipima unyevu hatukuwa nacho shuleni. Tulifanya hivi: kitanda kidogo kimoja chenye kahawa ya parche kinapimwa uzito kila siku saa ileile, namba inaandikwa ubaoni. Siku uzito unapoacha kushuka, unachukua sampuli, unaenda kuhakikisha kwa mashine ya koperative. Watoto walipenda namba zile. Asubuhi walikuwa wanakimbilia mizani kabla ya kengele.

Kisha tukasema: sasa muweke makuta yenu. Hapo prefe wa shule alisita, na alikuwa na haki. Lakini tulikuwa tumechoka kuona biashara ambayo mwanafunzi hawezi kupoteza kitu ndani yake. Kila mmoja alitoa franka 5.000, jumla 120.000. Msichana mmoja, tulikuja kujua baadaye, alitoa sehemu ya makuta ya minervali aliyopewa na shangazi yake. Franka 100.000 zilinunua kilo 100 za matunda mekundu kwa majirani, na 20.000 zilienda kwenye kukodi mashine ya kutoa maganda, kubeba maji na kununua wavu.

Kilo 100 zikamwagwa ndani ya mabeseni ya maji. Kilo 6 zikaelea. Tunda linaloelea halina uzito ndani, punje yake ni mbovu au tupu, kwa hiyo zilitolewa pembeni. Hapo ilizuka kelele kubwa, kwa sababu zile kilo 6 zilikuwa zimelipiwa sawa na nyingine. Mwanafunzi mmoja akasema wakati ujao wataenda kununua na beseni la maji mkononi. Sisi tungeweza kufundisha jambo hilo saa mbili kwa chaki. Wao walilijua kwa dakika moja, juu franka 6.000 zilikuwa zinaelea mbele ya macho yao.

Kutoka kilo 94 walitarajia kupata kilo 18 hivi za parche, maana inatakiwa kilo 5 na kidogo za matunda ili upate kilo 1 ya parche. Koperative iliahidi franka 8.000 kwa kilo ikiwa inapita kipimo, na 5.000 ikiwa haipiti. Hesabu iliandikwa ubaoni: 144.000 kwa nzuri, 90.000 kwa ya kawaida. Kati ya hizo mbili kuna 54.000. Wasomaji, mshike namba hiyo.

Kahawa ilioshwa siku ya nne ya juma, ikapanda kitandani. Siku ya tano mchana wingu likafunga. Tulikuwa na motere nje, tulitaka kufika mjini kabla ya barabara kuharibika, na mmoja wetu akasema kwa haraka: «Muitie ndani ya magunia, mufunge ndani ya darasa, tutaona siku ya kwanza.» Wanafunzi wawili walipinga. Walisema bado ina maji, afadhali waitandaze juu ya saketi ndani ya darasa na kuigeuza. Tulisema hapana, watu watapita, punje zitapotea. Sisi ni maenjenyere, walitusikiliza.

Asubuhi ya siku ya kwanza, mlango ulipofunguliwa, harufu ya siki ilitupokea kabla hatujaona gunia. Tulikausha, tulichagua, tulifanya yote. Ilipofika koperative, muhesabu alikoboa gramu 350 na kumwaga mezani mbele ya darasa lote. Hakuna aliyepumua. Punje zilizochacha zote: 9. Zisizokomaa 10, yaani kasoro 2. Zenye tundu dogo 20, kasoro 2. Zilizovunjika 5, kasoro 1. Jumla 14. Kahawa ikalipwa 5.000 kwa kilo: kilo 18, franka 90.000. Hasara ya 30.000.

Jioni ile baba mmoja alikuja shuleni akiwa mkali. Prefe alitaka mradi urudishe yote, na ndani yetu sisi wenyewe hatukupatana. Mmoja alisema hasara ni sehemu ya biashara, tuwaache wajifunze. Maneno hayo ni rahisi sana kwa mtu ambaye hakuweka hata franka moja. Mwisho tukaja na pendekezo ambalo tuliliona la haki: kasoro 9 kati ya 14 zimetokana na magunia, kwa hiyo tulipe 9 juu ya 14 ya tofauti, kama franka 34.700. Tulijivunia kidogo hesabu hiyo.

Msichana aliyebandika karatoni akanyoosha mkono. Ndiye yule wa minervali. Akasema, na tunaandika alivyosema: «Enjenyere, kama munatosha zile tisa zenu, yetu inabakia tano. Tano za aina ya pili zinapita. Njo imeandikwa pale. Sasa sisi tulikosa nini?»

Tuliangalia karatoni. Tuliangalia tena karatasi ya kipimo. Kosa letu lilikuwa kuchanganya kasoro za aina mbili kana kwamba ni kitu kimoja. Kipimo hakisemi 14. Kinasema sifuri upande mmoja na 5 upande wa pili. Upande wao ulikuwa umefika mpakani, lakini ulikuwa umepita. Upande uliokataliwa ulikuwa wetu peke yetu. Kesho yake fakitire ilikuja, na mhuri wa shule: «Tofauti ya beyi, kilo 18 mara franka 3.000, jumla 54.000. Sababu: agizo la kuweka parche mbichi ndani ya magunia.»

Tulilipa kutoka mifukoni, 18.000 kila mmoja, kwa sababu ndani ya bajeti ya mradi hakuna mstari unaoitwa makosa ya maenjenyere. Kila mwanafunzi alirudishiwa 6.000, na minervali ikamalizwa kabla ya mitihani.

Habari hii ilifika vijijini mbio kuliko semina zetu zote. Wazazi walianza kuja kuangalia karatoni. Kijana mmoja alimsindikiza baba yake kwa mnunuzi wa barabarani, na mnunuzi alipokunja uso kama kawaida, kijana aliuliza: «Kasoro ngapi, ku gramu ngapi?» Hatusemi beyi ilipanda siku ile. Haikupanda. Lakini baba aliondoka na gunia lake, akalipeleka kwenye mizani ya koperative.

Kuna upande mwingine ambao lazima tuuseme kwa koperative zenyewe. Mama mmoja, mwanamemba wa zamani, alitusimamisha njiani: «Kama munapokea nyekundu na ya kijani kwa beyi moja, nitachagula juu ya nini? Kuchagula ni jua la siku nzima.» Hatukuwa na jibu zaidi ya kumpa haki. Pale anapouza, matunda yalikuwa yanalipwa sawa yote. Watoto wanafundishwa beseni la maji shuleni, wanarudi nyumbani wanaonekana wajinga, maana kazi ya ziada hailipwi. Maoni yetu ni haya: koperative ambayo haiko tayari kuweka beyi mbili, hata tofauti iwe ndogo, isilete kipimo hiki shuleni. Komite ya pale ilibishana mikutano miwili. Wengine waliogopa wanamemba watakimbilia kwa wanunuzi wasiochagua. Sasa wanaweka beseni kando ya mizani, zinazoelea zinapimwa peke yake na kulipwa kidogo. Wanamemba wawili walihama. Mama yule anachagua.

Kwa wale wanaotaka kuanza kwenye msimu ujao: muongee na mwalimu mapema, mwezi wa pili, kabla ya mavuno. Mkopeshe shule mizani na mtu anayejua kuhesabu, hata asubuhi mbili tu kwa juma. Makuta ya wanafunzi yawe kidogo, na muulize yametoka wapi. Sisi hatukuuliza. Karatoni na gundi watatafuta wenyewe. Saketi ya plastiki ya kufunikia vitanda msiache kununua, hata kama bajeti ni nyembamba.

Darasa la tano limekuwa la sita. Mwezi wa tatu tulipofika na motere yetu tuone vitanda vipya, walitukaribisha vizuri, wakatupa viti. Kabla ya kuturuhusu kugusa kahawa, walitupa karatasi ya kutia saini. Imeandikwa kwamba enjenyere anaweza kutoa shauri, na wenye kahawa ndio wanaamua, na shauri lolote litaandikwa ndani ya kaye pamoja na tarehe na jina la aliyelitoa. Tulitia saini wote watatu.