Mbwa Mwenye Saratani Hastahili Rungu

MBWA akiugua katika vijiji na mitaa yetu mingi, dawa yake ya kwanza huwa ni rungu, na ya pili ni nyama iliyotiwa sumu. Ng'ombe akikohoa, daktari wa mifugo huitwa usiku wa manane. Lakini mbwa aliyelinda boma miaka sita bila mshahara, akitokwa na damu kwa wiki mbili tu, husemekana ana laana, au eti ana kichaa, na vijana wa mtaa hutumwa wakamalize kazi.

Nauzungumzia ugonjwa mmoja hasa, kwa kuwa huwapata sana mbwa wanaozurura: saratani ya sehemu za siri, ambayo huambukizwa mbwa wanapopandana, na pengine wanapolambana au kunusana. Huanza kama kipele kidogo, kisha hukua na kuwa uvimbe mwekundu wenye vinundu-vinundu mfano wa koliflawa, unaotoka damu kwa kuguswa tu. Ikiwa ni jike, wenyewe hudhani yumo katika joto lake la kutaka dume, wakangoja liishe, nalo lisiishe. Ikiwa ni dume, hudhaniwa ana maradhi ya mkojo. Mara nyingine uvimbe huota puani, damu ikawa inatiririka upande mmoja.

Walimu wa bayolojia wangepata hapa somo ambalo wanafunzi hawatalisahau. Saratani kwa kawaida ni seli za mwili wa mgonjwa mwenyewe zilizoasi, na mgonjwa akifa, nazo hufa. Hii sivyo. Hapa seli yenyewe ya saratani ndiyo ihamayo kutoka mbwa hadi mbwa. Mnamo 1876, daktari wa mifugo wa Urusi aliyeitwa Novinsky alipandikiza vipande vya uvimbe huu kwa mbwa wazima, navyo vikaota. Wataalamu wa leo wamethibitisha kwamba uvimbe wa mbwa wa Kitale na ule wa mbwa wa Meksiko ni wa ukoo mmoja, uliotokana na mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Seli ya kawaida ya mbwa ina kromosomu 78; za uvimbe huu hazifiki hata 65. Binadamu hauambukizwi, na hofu ya majirani kuhusu jambo hilo haina msingi.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba saratani hii hutibika. Dawa yake huitwa vinkristini, na asili yake ni mmea wa Madagaska wenye maua ya waridi au meupe ya petali tano, ambao wengi wetu tumeupanda uani kwa pambo tu. Daktari humdunga mbwa mshipani mara moja kwa wiki, na aghalabu kati ya sindano tatu na sita uvimbe hunywea ukatoweka. Ni saratani chache mno zinazosalimu amri hivyo.

Hata hivyo, sindano ni ya daktari. Kazi kubwa ni ya mwenye mbwa. Dawa hii ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, kwa hiyo mgonjwa lazima atulie, naye hatulii ila akishikwa na mtu anayemwamini. Siku zinazofuata huenda akatapika, akaharisha au akakataa chakula. Apewe kidogo kidogo wali laini na supu ya nyama isiyotiwa vitunguu, kwani vitunguu ni sumu kwa mbwa. Asipewe kamwe vidonge vya maumivu vilivyomo kabatini mwa binadamu. Parasetamo na ibuprofeni zimewaua mbwa wengi kwa huruma ya wenyewe. Chembe nyeupe za damu hupungua, hivyo akizubaa na kuwa na homa arudishwe kwa daktari bila kungoja siku ya miadi. Kwa siku mbili tatu baada ya sindano mkojo na mavi yake huwa na mabaki ya dawa: avaaye glavu ndiye asafishe, na wajawazito na watoto wakae mbali. Muda wote huo afungwe, asije akawaambukiza wenzake, na akishapona ahasiwe.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alimpeleka mbwa wake hivyo kwa wiki tano, amempakata kwenye bodaboda ndani ya gunia lililokatwa tundu la kichwa. Stendi nzima ilicheka. Siku moja abiria mmoja akamwuliza, "Mwalimu, wanadamu wanakosa dawa, nawe watibu mbwa?"

Swali hilo si la kupuuzwa. Vinkristini ndiyo hiyo hiyo wapewayo watoto wenye saratani ya damu, na wale wenye uvimbe wa taya ambao Dkt. Denis Burkitt aliueleza mwaka wa 1958 alipokuwa akifanya kazi Uganda. Ikiwa chupa ni moja na mtoto yupo, apewe mtoto. Sidhani kama kuna anayebisha. Lakini chupa ya mwalimu yule haikutolewa wadini. Upungufu wa dawa hospitalini una wenyewe, nao hukaa katika ofisi zinazopanga bajeti. Mzee mwenye gunia hayumo. Isitoshe, sijapata kumsikia abiria akimwuliza mtu kwa nini anamtibu fahali.

Nakiri kwamba kuna nyumba ambayo pesa ni za karo au za sindano, zote mbili haziwezekani. Nyumba hiyo ichague karo wala isione haya. Pia zipo saratani nyingine za mbwa, kama zile za matiti zilizokwisha kufika mapafuni, ambazo matibabu hayaziponyi, na mwenye mbwa yafaa amwulize daktari mapema kama anachonunua ni uzima au ni miezi michache tu. Pale isipowezekana, daktari huyo huyo anayo sindano ya kumlaza mnyama usingizi asiamke, bila maumivu. Rungu si badala yake. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, humhesabu mwenye kumtesa mnyama kuwa mkosaji, na sheria hiyo haikumtenga mbwa. Kwa walio karibu na Nairobi, kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete. Kwingineko, mwanzo ni kuuliza katika ofisi ya mifugo ya kaunti, uvimbe ungali mdogo kama punje ya mahindi.