Jicho la Wavu na Pembe za Mbuzi

Msomaji wetu wa Kyuso ameniandikia swali lililoninyima usingizi. Anasema kila siku ya soko hununua tilapia anaoambiwa wametoka Kiambere, na kila mara wote waliomo kwenye karai wanalingana kama matofali ya kalibu moja. "Kwani bwawani hakuna watoto wala wazee?" anauliza.

Wapo. Kiambere, lile bwawa la umeme lililokamilika mwaka 1988 kwenye Mto Tana, mpakani mwa Kitui na Embu, lina samaki wa kila umri. Maji yake husukumwa kwa mabomba hadi Mwingi bila kubaguliwa. Samaki wake hubaguliwa kabla hawajatoka majini, na anayewabagua ni tundu.

Namna za kuvua ni tele: juya la kukokota, dema na uzio kule pwani, ringneti ya kuzingira kundi, mshipi, taa za omena usiku wa giza Ziwa Victoria. Orodha hiyo imo katika vitabu vya shule, sina hamu nayo. Hamu yangu ni wavu mmoja tu, ule ambao Watanzania huuita wa makila: hutegwa jioni, ukasimama majini kama pazia, ukakaguliwa alfajiri. Haumfukuzi mtu. Samaki ndiye anayeuendea gizani.

Chukua shamba la ndengu lililozungushiwa waya wa matundu. Mbuzi wanakuja. Kitoto kinapenya mwili mzima, kinashiba, kinatoka kilipoingilia. Beberu mzee anasogeza pua, kichwa kinakataa, anaondoka zake akiwa na hasira na afya njema. Anabaki yule wa makamo. Kichwa kinapita, shingo inapita, anafikia majani mawili matatu, kisha mabega yanagota. Akitaka kurudi, pembe zilizoteleza vizuri wakati wa kuingia, kwa kuwa zimelala nyuma, sasa zinadaka waya. Kadiri anavyovuta ndivyo zinavyodaka. Asubuhi mwenye shamba anamkuta hapo, na mwenzake, na mwenzake, wote wa rika moja. Kama mwenye shamba hajawahi kutembea kijijini, ataapa kwamba majirani hawafugi vitoto wala mabeberu.

Pembe za samaki ni vifuniko vya matamvua. Hufunguka nyuma, naye hawezi kuacha kuvifungua kwa sababu ndivyo anavyopumua. Uzi unaingia chini yake. Akisukuma mbele, tumbo linagota. Akirudi nyuma, kifuniko kinashika, na magamba na mapezi nayo yameelekea mkia. Pumzi yake yenyewe ndiyo inayomfunga.

Sasa tabia hii ya wavu tuiiteje? Nimeona watu wakiandika "uchujaji". Siukubali. Chujio na chekecheke hupitisha wadogo na kuzuia wakubwa wote, hali wavu huu humwacha mkubwa aende zake na kumshika wa katikati tu. "Uchaguzi" umeshatekwa na wanasiasa. Mimi nasema "uteuzi wa jicho", maana tundu la wavu kwa Kiswahili ni jicho, na mara hii lugha yetu imeona kabla ya mtaalamu.

Jicho hupimwa likiwa limevutwa, pembe hadi pembe. La inchi 5, ukilizunguka, lina inchi 10. Samaki wa kunaswa basi ni yule ambaye mzingo wake nyuma ya matamvua haufiki inchi 10 lakini tumboni unazizidi. Mwaka 1914 Mrusi Fyodor Baranov alionyesha kwamba, kwa kuwa samaki wa aina moja hukua bila kubadili umbo sana, hesabu ya jicho moja inatosha kwa yote: kama la inchi 4 linamnasa zaidi wa sentimita 20, la inchi 5 litamnasa zaidi wa 25. Ndiyo maana Michael Graham, aliyelichunguza Ziwa Victoria mwaka 1927 na 1928 na kukuta ngege, tilapia wa ziwa hilo, wanapungua katika nyavu hizi zilizoingia tangu 1905, aliweza kuweka matumaini yake katika namba moja: jicho lisipungue inchi 5, wachanga wapite wakazae kwanza. (Kambare na wenye miiba hunaswa ovyo kwa kutatizika, tuwaache.)

Kwa hiyo wavu unasomeka kwenye samaki. Nilipopita Kyuso niliazima futi ya fundi cherehani, nikaizungusha kwa tilapia mmoja palipokuwa na alama ya uzi kwenye magamba. Sentimita 20. Nusu yake 10, yaani jicho la inchi 4 kasoro kidogo. Nikampima wa pili, wa tatu, namba ileile. Mama muuzaji akanitazama, akaniuliza kama nanunua samaki au namshonea sare.